Injini ya Turbo Haifanyi DX Kuwa Gari la Kisasa

Karibu kila gereji iliyo kando ya Barabara ya Kangundo jijini Nairobi, kuanzia Kayole Junction hadi Njiru na mbele kidogo kuelekea Ruai, ina mtu atakayekupa ushauri huu bila kuulizwa. Magari ya siku hizi ni plastiki, ya zamani yalikuwa chuma. Kwa hiyo tafuta Toyota DX ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile Corolla KE70, au Datsun 1200, au Peugeot 504 iliyoachwa chini ya mwembe tangu mwenyewe alipofariki. Ng'oa injini yake iliyochoka. Nenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ukanunue injini ya mtumba kutoka Japani: 4A-GE, au 3S-GE iliyotoka kwenye Altezza, au ukiwa na pesa za kutosha, 1JZ-GTE ya silinda sita na turbo. Fundi ataichomelea vishikio vipya. Piga rangi, weka rimu pana, shusha springi. Utakuwa na gari lenye uimara wa zamani na kasi ya leo, kwa pesa kidogo kuliko gari jipya. Wamarekani wamefanya hivyo kwa Mustang na Camaro zao miaka mingi. Sisi tunashindwa na nini?

Hoja hii ina uzito, na wanaoitoa wanajua magari. Sheria zetu zimewasukuma huko. Kiwango cha KS 1515 cha shirika la viwango, KEBS, kinazuia kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane, na sheria ya trafiki hairuhusu gari la kawaida la usukani wa kushoto. Mustang ya 1967 haiwezi kufika Njiru kwa njia ambayo kijana wa kawaida anaimudu. DX iko hapa tayari. Ni nyepesi, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila fundi wa Eastlands amewahi kuifungua. Tena mikono ipo: kuna vijana Njiru na Kariobangi Light Industries wanaoweza kutengeneza kishikio cha injini kutoka kipande cha bamba kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo hoja yenyewe ni mbovu, na inazidi kuenea kadiri injini za turbo zinavyozidi kupatikana. Nitaichukua kipande kwa kipande.

Kwanza, hicho chuma

Yote yanasimama juu ya imani kwamba bati nene humlinda dereva. Mwaka 2009, IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Bel Air ni chuma haswa, gari refu na pana kama yale yanayosifiwa gereji. Sehemu ya kukaa dereva ilikunjika, usukani ukasukumwa hadi kwenye mwanasesere wa majaribio, na wachunguzi wakasema mtu halisi angekufa papo hapo. Dereva wa Malibu angeumia mguu.

Tofauti ilitoka kwenye ubunifu. Pua ya gari la kisasa imepangwa ijikunje hatua kwa hatua na kuimaliza nguvu ya mgongano kabla haijafika kwa watu, huku sehemu ya abiria ikibaki na umbo lake. Béla Barényi wa Mercedes-Benz alipata hataza ya wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na magari mengi yalichukua miongo kulifuata. Chuma ambacho hakikupangiwa mahali pa kukunjika hukunjika popote.

Nitaambiwa DX ni ya miaka 20 baada ya Bel Air. Ni kweli, na ina mikanda. Lakini haina mifuko ya hewa, haina ABS, na milango yake ni myembamba kuliko watu wanavyokumbuka. Tena huyu anayesifu chuma cha zamani hajui amebakiwa na chuma kiasi gani. DX haina chesisi ya pekee yake kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Kutu ikila vizingiti vya chini ya milango au pale shoki ya mbele inapojishikilia, imekula mifupa. Katika magari mengi ya umri huo sehemu hizo zilishajazwa filla na kupakwa rangi mara kadhaa. Chukua sumaku, ipitishe polepole kwenye vizingiti na matao ya magurudumu. Pale inapoanguka, chuma hakipo karibu. Ukaguzi huo wa dakika tano hauhitaji mashine, na bado watu hununua injini kwanza, kisha huja kugundua kwamba hawana mahali pa kuifunga.

Pili, nguvu zimeongezwa, breki zimebaki

Hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo.

DX yenye injini ya 4K, cc 1,290, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi zisizofika 80. Kila kitu kingine kilipimwa kulingana na hizo: rimu za inchi 13, kwa kawaida diski ndogo mbele na dramu nyuma, gia boksi, difu na propela shafti. 1JZ-GTE ilitangazwa na Toyota kuwa na farasi 280. Anayeiweka kwenye DX na kuacha breki za DX amevunja hesabu iliyofanywa na wahandisi waliojua uzito na kasi ya gari lao.

Nishati ambayo breki inapaswa kuigeuza joto huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, kasi imeongezeka mara mbili, lakini kazi ya breki imeongezeka mara nne. Dramu ndogo hupata moto, bitana zake hupoteza mshiko, na pedali huendelea kukanyagika bila gari kupungua mwendo. Dereva hugundua hayo pale anapohitaji kusimama zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

Kosa hili lina ukoo. Gari ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa magari ya misuli ya Marekani, Pontiac GTO ya 1964, lilizaliwa kwa kuchukua injini ya V8 ya lita 6.4 kutoka magari makubwa ya kampuni hiyo na kuiweka kwenye bodi ya wastani ya Tempest. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki za dramu. Diski za mbele zilikuja kutolewa kama nyongeza mwaka 1967. Wamarekani wanaoyajenga upya magari hayo leo wameelewa kosa hilo ndiyo maana kazi yao huanzia chini. Art Morrison wa jimbo la Washington na Roadster Shop wa Illinois huuza chesisi nzima mpya ya kuweka chini ya bodi ya zamani, ikiwa na miguu (saspensheni), usukani na breki za kisasa. Injini huchaguliwa kulingana na kile ambacho chesisi inaweza kubeba. Kwa hiyo anayesema tunafanya kama Wamarekani ameiga sehemu inayopigwa picha, boneti ikiwa wazi, na kuiacha ile inayolala chini ya gari.

Breki si mwisho wa orodha. Silinda sita za chuma cha kusubu ni nzito mno kuliko ile 4K, kwa hiyo pua inazama na gari linakataa kukata kona. Mtu anazikata springi ili lishuke, na sasa shoki inagonga mwisho wake kwenye kila tuta, na kati ya Chokaa na Njiru matuta hayakosekani. Difu ya asili inaanza kulia, kisha inavunjika meno. Rejeta ndogo inachemsha kwenye foleni ya jioni ya Kangundo Road, kwa sababu gari la turbo lililosimama bila upepo halina njia nyingine ya kutoa joto. Na anayekwepa turbo akachagua 3S-GE ajue kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari: injini isiyo na turbo hupoteza hapa takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Zile farasi 200 alizolipia hajawahi kuzipata hata siku moja.

Tatu, "halina kompyuta"

Sababu ya pili inayotolewa ya kupenda gari la zamani ni kwamba halina kompyuta: kabureta, plagi, pointi, na fundi yeyote analitengeneza barabarani. Sawa kabisa. Kisha mtu huyohuyo anaweka injini ambayo haiwezi kuwaka bila kompyuta yake, vihisio vyake na furushi zima la nyaya lililokatwa Japani kwa msumeno wakati gari la asili lilipokuwa likichinjwa. Nyaya hizo zinaungwa moja moja kwa kukisia rangi, zinafungwa kwa tepu nyeusi, na kupitishwa karibu na ekzosi. Pampu mpya ya petroli inavuta kutoka tangi lenye kutu la 1982 na kuisukuma kwa shinikizo ambalo bomba la zamani halikutengenezewa. Waya unaokwaruzwa karibu na bomba la petroli lenye shinikizo ndio moto wa gari. Urahisi wa zamani umetoweka, na utaratibu wa kisasa haukuja: hakuna mchoro wa nyaya, na aliyeziunga ndiye peke yake anayejua kilichounganishwa na nini. Akihamia gereji nyingine, gari linakuwa fumbo.

Nne, bei, na nani anayeilipa

Wanaohesabu bei hutaja gari na injini. Hawataji gia boksi ya kulingana na injini hiyo, difu, propela shafti ya kukatwa na kusawazishwa, rejeta, tangi, breki, ekzosi, kompyuta, nyaya, rimu na matairi. Hawahesabu miezi ambayo gari linakaa juu ya mawe likisubiri pesa za mwisho wa mwezi, huku mvua ikiingia kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Ndiyo maana nyuma ya gereji nyingi kuna gari la namna hii lililokwama: bodi ina injini mpya, haina difu, na mwenyewe hapokei simu. Likikamilika linakunywa. Oktoba 2023 lita moja ya super ilifika shilingi 217.36 hapa Nairobi, na injini ya turbo kwenye foleni haina huruma.

Hiyo ni pesa ya mwenye gari, na ni haki yake kuitumia apendavyo. Inayoniuma ni ile asiyoilipa. Mradi unaitwa wa bei nafuu kwa sababu kazi ya fundi imefanywa nafuu. Rangi inayong'aa kama kioo, ile ya kuchanganywa na hadina, huwa na isosayaneti, kemikali inayojulikana duniani kote kwa kusababisha pumu kwa wapiga rangi. Kazi hiyo inahitaji barakoa inayoletewa hewa safi. Njiru kijana anaipiga rangi hiyo ndani ya banda la mabati, kitambaa kikiwa kimefungwa puani. Mwenzake anafungua dramu ya miaka 40 na kuipuliza vumbi kwa kompresa, na bitana za umri huo mara nyingi zilikuwa na asbestosi. Wa tatu anachomelea akiwa amekunja uso pembeni kwa kuwa miwani iko kwa mtu mwingine. Ukiweka gharama ya kifaa cha kupumulia, chumba cha rangi chenye feni na bima ya kazi, bei ya chini inayotajwa kila Jumamosi haipo tena. Ilikuwa ya chini kwa sababu mapafu ya mtu yalikuwa sehemu ya malipo, na mtu huyo ana miaka 22.

Tano, "Duncan alishinda na Mustang"

Hoja ikibanwa, hukimbilia mbio za magari za Safari. Nitaambiwa kwamba Ian Duncan alishinda East African Safari Classic ya 2009 akiendesha Ford Mustang, na ya 2013 akiendesha Ford Capri Perana ya V8, kwa hiyo barabara zetu zinakubali misuli. Ushindi huo ni wa kweli, na ni wa Mkenya aliyekwisha kushinda Safari yenyewe mwaka 1994 kwa Toyota Celica. Tazama tu ni ushindi wa nini. Safari Classic ni mashindano ya magari yanayobaki ya zama zake. Kanuni zinazuia hasa kile kinachopendekezwa gereji, yaani kuingiza mitambo ya kizazi kingine. Mustang ile ilikuwa na fremu ya mabomba ndani, miguu iliyoimarishwa, na timu ya mafundi waliolifuata gari kila siku. Na hiyo Capri Perana? Hilo kweli ni gari la kubadilishwa injini, kazi ya Basil Green wa Johannesburg mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini Green alibadilisha na difu na miguu pia, na gari lake liliuzwa kupitia mawakala wa Ford. Anayemtaja Duncan kutetea 1JZ iliyopachikwa juu ya breki za DX anatoa ushahidi unaomhukumu yeye mwenyewe.

Na kama tunatafuta somo kwenye Safari, liko wazi zaidi mwaka 1979. Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 160J, gari la silinda nne, na aliyefika nyuma yake alikuwa Hannu Mikkola kwenye Mercedes-Benz 450 SLC yenye V8 ya lita 5. Mehta akarudia 1980, 1981 na 1982. Kwenye matope na mawe ya nchi hii, gari lililojengwa kwa ulinganifu lililipita gari lililolizidi nguvu, na dereva wake alikuwa wa hapahapa.

Sita, tayari tunajua kujenga

Wengine husema kupinga miradi hii ni kuwadharau mafundi wa Eastlands. Nakataa kabisa. Ushahidi bora wa ustadi wao hupita mbele ya gereji hizo kila dakika chache: nganya, yaani matatu zilizopambwa. Lakini nganya inajengwaje? Inaanza na chesisi mpya ya Isuzu, iliyounganishwa hapa Nairobi, ikiwa na injini, gia, usukani na breki vilivyobuniwa pamoja. Fundi wetu hujenga kilicho juu, bodi, viti, taa na michoro, na kwa bodi ya basi kuna kiwango cha KEBS, KS 372. Unaweza kulalamikia muziki wake, nami hulalamika, lakini mpangilio ni sahihi: kinachobeba na kusimamisha ni kipya, na ubunifu umewekwa pale ambapo kosa halimuui mtu. Mradi wa DX umeupindua mpangilio huo juu chini.

Uwezo huohuo unaweza kuelekezwa vizuri. DX yenye bodi iliyokatwa kutu na kuchomelewa bamba jipya, breki kubwa za diski kutoka Toyota mpya zaidi, bushi na shoki mpya, mikanda mipya, nyaya mpya zenye fyuzi kila mahali, na 4A-GE ya kawaida mwishoni kabisa, ni gari ambalo ningempa dada yangu aende nalo Machakos. Halina mngurumo wa kusimamisha watu stejini. Kazi yake ni ya miezi mingi na picha zake hazivutii mtu, ndiyo sababu wateja wachache huiomba, na fundi hutengeneza anachoombwa.

Saba, thamani na logbook

Husemwa kwamba gari hili ni akiba, litapanda bei. Yanayopanda bei ni yale yaliyobaki jinsi yalivyotoka kiwandani, injini ikilingana na karatasi. Majaji wa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse hawajawahi kumpa mtu alama kwa kukata bodi apate nafasi ya turbo. DX iliyokatwa imeacha kuwa kumbukumbu, na haijawa gari la kisasa ambalo mnunuzi wa kawaida atalikopea benki.

Kuhusu karatasi. Logbook ya Kenya inataja namba ya chesisi, namba ya injini na ukubwa wake. Ukibadilisha injini, maelezo hayo yanapaswa kubadilishwa kwa mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, na gari kukaguliwa. Wengi hawaendi Likoni Road kwa ukaguzi kwa kuwa wanajua litakavyopimwa breki. Matokeo yake ni kwamba bima imekatwa kwa gari la cc 1,290, ilhali barabarani kuna gari jingine kabisa, na kampuni ya bima itakuwa na la kusema siku ya madai. Tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Kangundo Road ina shule, soko na steji, na watu wanaivuka gizani kila jioni. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, iliandikwa kwa ajili yao. Anayeliwasha gari la farasi 280 kwa cheti kilichotolewa kwa gari lisilofika farasi 80 ameutia shakani ulinzi huo bila wao kujua, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo gereji siku injini ilipochaguliwa.